Mizani 16 ndani ya Sekunde 4

Kitanda changu kimeegemea ukuta, na nyuma ya ukuta huo kuna chumba cha kijana anayetengeneza biti za singeli. Huu ni mwaka wa tatu tunalala hivyo, mimi na ngoma zake. Sisi wa Kipawa hatubabaishwi na kelele. Ndege zinazotua Uwanja wa Julius Nyerere hupita chini kiasi kwamba watoto wanahesabu matairi, na malori ya Barabara ya Nyerere sijawahi kuyaona yakilala. Ila ndege hupita. Biti ya jirani ilikuwa haipiti. Inalia sekunde 5, inakatika, inarudi palepale ilipoanzia, sekunde 5 zilezile, mara 30, mara 50, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 26, na muziki wangu ni dansi. Nimekulia kwenye kanda za Mlimani Park, hao tunaowaita Sikinde, bendi iliyoanza mwaka 1978. Wimbo wao unaanza taratibu. Mtunzi anakueleza kisa chake, ndoa iliyovunjika au ndugu aliyemgeuka, unakaa naye ubeti kwa ubeti, na ni baadaye sana, wimbo umeshafika katikati, ndipo magitaa yanafunguka na watu kunyanyuka vitini. Sehemu ile tuliita chemko. Unaingoja, na kuingoja kwenyewe ni nusu ya utamu. Muziki ambao haumngojeshi msikilizaji niliuona umekosa adabu. Singeli kwangu ilikuwa kanda inayokimbizwa mbele: sauti nyembamba, ngoma zinazokanyagana, na kijana juu yake anayepiga kelele kama kondakta anayewahi abiria.

Mwaka jana nilimwendea kumlalamikia. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Aliponiona mlangoni alizima sauti kabla sijafungua mdomo, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akafuta stuli kwa kitambaa, akanikaribisha. Nikaitikia, nikakaa. Kabla sijaanza la kwangu akanisogezea daftari. "Mwalimu, mshororo huu umezidi, au mimi ndiye nausoma vibaya?"

Akanisomea. Ulikuwa umezidi mizani moja. Nikamwonyesha ilipo, akaikata, akausoma tena huku akigonga meza kwa kidole, na safari hii ukakaa. Malalamiko niliyokwenda nayo nilirudi nayo, pamoja na flashi aliyonitia mkononi. Ndani yake mlikuwa na albamu moja. Aliniomba niisikilize yote ndipo nihukumu.

Albamu hiyo inaitwa Sounds of Sisso. Ilitolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikakusanya kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Humo yumo Sisso mwenyewe, yumo Bamba Pana, wamo na wachanaji kama Makaveli. Kwa sisi wa Dar es Salaam albamu ya singeli ni kitu kigeni kidogo, kwa sababu muziki huu haukuzaliwa uwekwe kwenye albamu. Ulikuwa ukihama simu kwa simu, kwenye memori kadi, kwenye spika za bajaji, na zaidi ya yote kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani zinazofunga njia na kukesha. Baadaye redio zikaufungulia mlango, EFM mbele yao, na majina kama Msaga Sumu na Man Fongo yakajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Tandale wala Manzese. Lakini hao walijulikana kwa wimbo mmoja mmoja. Watu wa Kampala walichofanya ni kuzipanga kazi za studio moja mahali pamoja, ili mtu wa mbali aweze kukaa kitako na kuisikiliza kama kazi ya mafundi. Na mimi nilikuwa mtu wa mbali, ingawa kutoka kwangu hadi Mburahati ni nauli ya daladala mbili.

Usiku wa kwanza nilishindwa. Nilifika wimbo wa tatu nikachomoa flashi, kichwa kinauma. Usiku wa pili nilifika wa tano.

Usiku wa tatu nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo, sabufa iko chini ya meza, na sikuwa nimekaza sikio. Nikagundua kwamba mkono unaopepeta unakwenda sawa na kitu fulani ndani ya wimbo. Haukuwa ukifuata ngoma zile za mbio. Ulifuata pigo la chini, zito, lililokuwa likija kwa nafasi yake bila haraka yoyote. Nikaweka ungo chini nikapiga makofi. Kofi moja kwa kila mapigo manne. Mwendo ukawa wa mtu anayetembea jioni kwenda dukani.

Nikachukua simu na karatasi nikafanya hesabu. Singeli hukimbia mapigo kati ya 200 na 300 kwa dakika. Tuseme 260. Ukigawa kwa nne unapata 65, na 65 ni mapigo ya moyo wa mtu aliyetulia. Kumbe kila wimbo wa albamu ile ulikuwa na mienendo miwili kwa wakati mmoja, juu mbio, chini utulivu, na mimi muda wote nilikuwa nimening'inia juu. Nani asiyejua jambo hili pwani? Bibi zetu kwenye ngoma za Kizaramo husimama katikati ya manyanga na ngoma zinazochemka, na kiuno chao kinazunguka polepole kama jiwe la kusagia, hakina habari na mbio za wapigaji. Nimeliona hilo tangu utotoni. Sikuwahi kudhani kwamba vijana wa Mburahati wamelichukua wakalitia kwenye kompyuta.

Hesabu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu ilinigusa kazini. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kabla ya kina cha kati na nane baada yake. Mchanaji akiweka mizani moja kwa kila pigo, kwa mwendo wa mapigo 260, mshororo mzima unamchukua sekunde 3.7. Nikajipima mwenyewe kwa saa ya simu, nikisoma mshororo kwa sauti ninayotumia darasani. Sekunde 3 na robo. Nikarudia mara tatu. Yule niliyemwona anakimbia kama anafukuzwa alikuwa anasema polepole kuliko mimi ninayesoma mbele ya kidato cha tatu.

Hapo sikio lilifunguka. Nikaanza kusikia wanachokifanya. Mchanaji hodari anakaa kwenye mizani moja kwa pigo kwa mishororo mitatu, unamwelewa kila neno, halafu wa nne anautia mizani mbili mbili, unajazana, ukumbi unaruka, na kabla hujapotea ameshakurudisha. Lugha yetu inamsaidia. Silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia kwa irabu, kila moja ni pigo lililofungwa vizuri, ma-ta-ti-zo, ku-pe-pe-ta. Huna konsonanti tatu zilizoshikana za kukukwaza ulimi. Nadhani ndiyo sababu muziki wa mwendo huu ulimea hapa, kwa watu waliokuwa wakihesabu mizani karne nyingi kabla ya umeme.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa jirani, safari hii nikiwa na chupa ya chai. Nilimwomba nikae tu nimtazame. Alishangaa, lakini alinipa stuli ileile.

Chumba ni cha futi kumi kwa kumi. Kompyuta ina vitufe viwili vilivyong'oka, spika mbili zimekalishwa juu ya matofali, godoro limesimamishwa dirishani. Alianza kwa kufungua wimbo wa zamani wa taarabu akatafuta mahali ambapo kinanda kinapiga peke yake kabla mwimbaji hajaingia. Alikata kipande cha sekunde mbili. Akakiongeza mwendo mpaka sauti ikapanda, kinanda kikawa kinalia kama chiriku. Nilimuuliza kama hakuna namna ya kuongeza mwendo bila kuinua sauti. Akasema ipo, ni kubonyeza mahali pamoja tu, lakini ukibonyeza kipande kinakuwa kimekufa. Anataka kisikike kimekazwa, kama ngozi ya ngoma iliyotoka kwenye moto.

Akaweka ngoma ya chini. Akaweka kofi. Akaweka kayamba, na kayamba hilo akaligawa tatu tatu ndani ya pigo, kama ngoma za pwani zinavyogawa, huku kofi likienda mbili mbili. Vitu hivi viwili vinavutana na havipatani mpaka pigo la kwanza linapozunguka na kurudi. Kisha ikaanza ile kazi niliyoijua kwa upande wa pili wa ukuta. Sekunde 5. Kimya. Sekunde 5. Kimya.

Nilikaa karibu yake, macho kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba sekunde 5 zile hazikuwa zilezile. Kila mara kuna kitu amesogeza. Kofi la tatu alilivuta nyuma, kiasi ambacho kwenye kioo ni upana wa unywele. Akasikiliza. Akalirudisha nusu ya unywele. Akasikiliza macho yamefumbwa. Akalipunguza sauti kidogo. Kama mara ya 22 hivi, kipande kilekile nilichokwisha kukikinai kikageuka mbele yangu. Bega langu lilitikisika kabla sijaliruhusu. Hakusema kitu. Alikunywa chai yake ambayo ilikuwa imeshapoa, akafungua kipande kingine.

Bibi yangu alikuwa msusi wa mikeka kule Kisiju. Alisuka ukili kwa vidole bila kuutazama, anaongea na wageni, lakini chane moja ikikaa vibaya mkono unasimama wenyewe. Anafumua mpaka alipokosea, hata kama ni urefu wa hatua tatu, na anaanza upya bila kulalamika. Tulimwambia hakuna atakayeliona kosa hilo. Alikuwa akijibu kwamba mkeka ukikaliwa utasema. Sijui ni mara ngapi nimegonga ukuta usiku nikimkatiza kijana huyu anafumua.

Juu ya rafu yake, kati ya chupa ya mafuta na Msahafu, kuna kinanda kidogo cha Casio, cha kushika mkononi, mfuniko wa betri umepotea. Ni cha baba yake mdogo, aliyepiga mchiriku miaka ya tisini. Wasomaji wa umri wangu wanaukumbuka mchiriku: ngoma, kinanda kidogo cha bei nafuu, na vipaza sauti vya honi vilivyokuwa vikikwaruza mpaka mtaa wa tatu. Jagwa Music walianza hivyo mwaka 1992, na ilipofika 2012 albamu yao, Bongo Hotheads, ikatolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji, na kinanda kilekile kilikuwa bado kinalia. Ukisikiliza mchiriku kisha ukasikiliza Sounds of Sisso utamtambua mtoto kwa sura ya baba.

Kinanda cha Casio kina hadithi nyingine, nami nilimsimulia kijana kwa sababu hakuwa ameisikia. Mwaka 1980 kampuni hiyo ya Japani ilimwajiri binti aliyetoka chuo cha muziki, Hiroko Okuda, aliyekuwa ameandika tasnifu yake juu ya rege. Walimpa kazi ya kutunga midundo ya kuwekwa tayari ndani ya kinanda kidogo kiitwacho MT-40, ambacho kiliingia sokoni 1981. Kimoja kati ya vinanda hivyo kikafika Kingston, Jamaika, mikononi mwa kijana Noel Davey. Yeye na mwimbaji Wayne Smith wakabonyeza mdundo mmoja wa Okuda, wakampelekea mtayarishaji Jammy, naye akaupunguza mwendo. Tarehe 23 Februari 1985 Jammy aliupiga kwenye pambano la spika dhidi ya Black Scorpio, na dansiholi ikahama kutoka kwenye bendi kwenda kwenye mashine. Mdundo huo, Sleng Teng, umeimbiwa nyimbo mamia, kila mwimbaji na maneno yake.

Nilipokuwa kijana hilo la nyimbo mamia juu ya mdundo mmoja lingenifanya nicheke. Ningesema ni uvivu. Sasa nafikiria Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa mizani nane nane, na Shaaban Robert, aliyetumia kipimo hichohicho karne iliyofuata alipotunga Utenzi wa Vita vya Uhuru. Hakuna aliyewahi kusema Shaaban Robert ameiba biti. Kipimo ni cha wote, na kila mshairi huja kuonyesha anachoweza kukifanya ndani yake. Wajamaika wanakiita ridimu. Sisi tunasema bahari. Kwenye kigodoro biti moja huachiwa na wachanaji watano wakapokezana kipaza sauti juu yake, na watu wanawapima hapohapo: nani kapungukiwa pumzi, nani kakosa kina, nani kageuza neno likawa na maana mbili. Ni malumbano yaleyale ambayo mimi hulazimika kuwaeleza wanafunzi kama kitu cha kale.

Kijana alisikiliza kisa cha yule binti wa Japani kimya, kisha akakishusha kinanda cha baba yake mdogo, akakifuta vumbi. Nilimwona akikigeuza kutafuta namba yake.

Sijakubali kila kitu. Ziko nyimbo za singeli zinazomfanya mwanamke kuwa kiuno na basi, na nikiwa na mabinti 40 darasani siwezi kujifanya sijazisikia. Kigodoro kinachokesha huku watoto wa darasa la pili wamesimama pembeni saa nane za usiku kinaniudhi sasa kama kilivyoniudhi zamani, na nimemwambia jirani yangu hivyo uso kwa uso. Aliniambia naye ana mdogo wake wa umri huo. Tuliliacha hapo, lakini nimeona mistari ya daftari lake la sasa, na yako mambo amekata ambayo sikumwambia akate.

Toka siku ile nimesikiliza zaidi. Poaa ya Bamba Pana, iliyotoka 2018, ninaipenda kuliko ile ya kwanza, kwa sababu Bamba Pana anajua kunyamaza. Katikati ya mbio anaondoa ngoma zote, anakuachia kinanda kinazunguka peke yake, na mwili wako unaendelea kuhesabu ngoma ambazo hazipo. Zikirudi zinakukuta ulikuwa sahihi. Ndilo jambo lililonifungulia swali langu la Sikinde. Nilikuwa nalalamika kwamba singeli haina kungoja, inaanzia kwenye chemko. Kweli inaanzia kwenye chemko. Lakini kungoja kumo, kumefanywa kudogo sana, sekunde moja, nusu sekunde, na ukishalizoeza sikio lako utakuta kunakuja mara nyingi kuliko katika wimbo wowote wa dakika kumi.

Wiki iliyopita walikuwa wanarekodi sauti, akaniita. Sauti hurekodiwa baada ya saa saba usiku, ndege zikishapungua. Mchanaji ni dereva wa bajaji. Alikuwa ameiegesha mlangoni, bado amevaa koti la kazi. "Mwalimu, shikamoo, samahani kwa usumbufu," alisema, kama kwamba chumba ni changu. Tatizo lao lilikuwa pumzi. Mishororo minne bila pa kupumulia, na wa nne una mizani mbili kwa pigo. Kila akifika katikati yake sauti inazama.

Tukaliweka daftari chini ya taa. Nikamwambia ajaribu kuvuta pumzi kwenye kina cha kati cha mshororo wa tatu, si mwishoni, kwa kuwa msikilizaji ameshakitegemea kina hicho na hatasikia mwanya. Kijana akachora alama ndogo ya kalamu nyekundu pale. Mchanaji akajaribu bila biti, akipiga paja. Akajaribu tena. Akatikisa kichwa kukubali, akasogea kwenye kipaza sauti, kijana akaweka mkono kwenye kompyuta.

Ndege ikaja. Tulianza kuisikia kutoka mbali, ikajaa chumbani, mabati yakatetemeka, maji yakacheza ndani ya glasi iliyokuwa juu ya spika. Hakuna aliyesogea. Tulikaa wote watatu tukiitazama glasi ile mpaka maji yakatulia kabisa. Kijana akainua kidole. Mchanaji akavuta pumzi.